Kichaka cha Mbele

Bi Matuta alikuwa na sheria moja tu pale shambani kwake: kichaka cha mbele hakiguswi. Kiwanja chenyewe kilikuwa cha tajiri mmoja aliyekinunua akakisusa, kando ya ghala bovu. Aliyepita barabarani aliona magugu marefu kumpita mtu, na takataka, akaenda zake. Lakini nyuma ya magugu hayo, jamani, mchicha! Bamia! Nyanya zimezaa hadi miche inainama! Ukilima kwenye kiwanja cha mtu, salama yako ni kutoonekana.

Mboga hizo ndizo zilizomlisha yeye na mumewe, fundi seremala aliyepooza mwili, akawa wa kulala tu katika chumba chao ng'ambo ya barabara. Kutwa mzee wa watu anatazama dari. Mwishowe akaanza kukataa chakula.

"Nalishwa tu, sijui hata kinatoka wapi," alisema. "Ningeliona hilo shamba lako, mke wangu, walau mara moja."

Sasa mtu kama huyo utamnyima? Bi Matuta alishika panga, akafyeka kichaka chote, kisha akasogeza kitanda dirishani. Mzee akayaona matuta.

"Yamenyooka kama nimeyapiga randa mimi!" Akacheka hadi machozi. Akala sahani nzima, akaomba nyingine, na mkewe naye akajipa matumaini, maskini.

Wiki hiyo hiyo tajiri akapita na gari lake. Kumbe miaka yote alidhani pale ni mashimo na mawe matupu! Haikuchukua muda, akaleta tingatinga kusafisha kiwanja apate kujenga.

"Mama, chuma unachoweza," dereva alimwambia, wala hakusema kwa ubaya. Bi Matuta alichuma mbiombio, mbichi kwa mbivu, mashine ikimfuata nyuma. Akavuka barabara, akarudi chumbani na alichookoa.

Mumewe alikuwa ameona yote, mwanzo hadi mwisho.

"Wamejuaje?"

"Sijui, baba."

Mwili ulipooza, akili haikupooza. "Ulifyeka kwa ajili yangu," alisema.

Bi Matuta akainuka, akawasha moto. Akapika mchicha aliouokoa, akaketi kitandani, akampelekea kijiko mdomoni.

"Kula wewe," alisema mumewe. "Huo ni wa mtu mmoja sasa."

Akafumba mdomo. Bi Matuta alimbembeleza, akamgombeza, mwisho akamlilia, na mdomo ule haukufunguka.