Barua ya Qurayyat

Masouda alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati mwaka 1971 akiwa na miaka minane. Nyumbani kwao Ansab, Kiswahili kilitawala jikoni na Kiarabu kilianzia mlangoni. Akasomea magonjwa ya mimea Uingereza, na tangu mwaka 1991 akawa mtafiti wa maradhi yaliyokuwa yakiimaliza mindimu ya Omani. Matawi hufungamana kama ufagio, majani hudumaa, na baada ya miaka michache mti hufa. Dawa hakuipata. Alichokipata ni kwamba miche ikifunikwa vyandarua tangu kitaluni, mdudu anayebeba maradhi hapati pa kutua, na mti huzaa miaka mingi kabla ya kuugua.

Mwaka 2003 chuo kimoja cha California kikamwita kazini. Mwanasheria wa huko akamshauri aombe ukaazi wa kudumu kwa mlango wa wanasayansi wenye uwezo usio wa kawaida. Mlango huo haudai jamaa wala mwajiri. Unamtaka mtu athibitishe kuwa ni mmoja wa wachache waliofika juu kabisa katika fani yao.

Makala alikuwa nazo kumi na tisa, na barua za maprofesa alizipata. Kilichomshinda ni maelezo yake mwenyewe. Aliyaandika wiki mbili, mwanasheria akayarudisha kila penye "sisi" pamezungushiwa wino mwekundu.

"Mama, nnaona haya," alimwambia mama yake, Bi Khole, aliyekuwa akichambua mchele. "Huku ni kujisifu."

"Uliokuwa nao mashambani wakiulizwa, watasemaje?"

"Watasema nilifanya kazi."

"Basi andika hivyo. Umeulizwa, unajibu. Shahidi hanyamazi kwa haya."

Akaandika, safari hii kwa "mimi".

Baada ya miezi mitano idara ya uhamiaji ya Marekani ikajibu. Elimu yake haikutiliwa shaka, ila walitaka kujua nani nje ya ofisi yake ameitumia. Masouda akamwomba kaka yake, Yazid, ampeleke Qurayyat kwa mkulima aitwaye Mzee Thani, kumwomba barua ya ushahidi.

Mzee Thani aliwapitisha shambani kwanza, kisha akakaa na kuandika kwa Kiarabu, taratibu. Aliandika kuwa mwaka 1996 alikuwa ameshaikata mindimu yake yote na anatafuta wa kumuuzia shamba. Kuwa bibi huyu alikuja na vyandarua, akashinda nao juani siku tatu. Na kuwa yeye mwenyewe amekwishawafundisha majirani kumi na mmoja. Kabla ya kutia sahihi akauliza barua inakwenda wapi. Masouda angeweza kusema ni ya ofisini tu, lakini alimweleza yote.

Mzee aliiweka kalamu chini. Kisha akauliza nani atakayekuja kuitazama miti. Masouda akamtajia Manal, msichana aliyemfundisha mwenyewe kwenye kituo cha utafiti.

"Anajua?"

"Anajua. Kwa macho ananishinda mimi."

Mzee akatia sahihi na kumkabidhi karatasi, lakini kahawa ya kuagana hakuwatilia.

Ombi lilikubaliwa mwaka 2004, na baada ya mahojiano na vipimo vya afya, viza ikatoka mapema mwaka uliofuata. Alimtaka mama yake aende akakae naye huko.

"Mimi nimeshahama mara moja," Bi Khole alisema. "Inanitosha."

Hawakulirudia tena neno hilo. Yazid na mkewe wakahamia Ansab ili mama asibaki peke yake, na mwezi wa Machi Masouda akaondoka na masanduku mawili. Kadi yake ya ukaazi ilimfikia kwa posta baada ya wiki tano. Kila Ramadhani alikuja Maskati kwa wiki tatu, chini sana ya muda ambao mkaazi anaruhusiwa kukaa nje ya Marekani. Mwaka wa kwanza huko chuoni walimpa machungwa ayatafiti badala ya ndimu, na hakuyapenda.