Simu Iliyomkataa Ndugu Yake

Jua la adhuhuri linachoma mabati ya kibanda cha Sabdio Kanchoro, fundi wa simu mjini Isiolo, na mteja wake hataki kuketi.

"Skrini ya ndugu yangu umeuza, fundi," anafoka Halkano, mfugaji wa Korbesa, akimnyooshea simu. "Mimi umenibandikia takataka!"

Simu yenyewe inamuunga mkono. Kwenye kioo kuna maandishi: skrini iliyowekwa haitambuliki, huenda si halali.

Siku ya mnada, Halkano alileta simu mbili za aina moja. Yake ilikanyagwa na ngamia. Ya mdogo wake, Salad, ilizama kwenye birika la kunyweshea mifugo. Akaomba katika hizo mbili itoke moja nzima, kisha akawahi mnadani na mbuzi wake. Sabdio akafungua simu mwenyewe hayupo, akahamishia skrini ya Salad kwenye simu ya Halkano. Hapo ndipo alipokosea.

"Nilimwona ni mtu mzima, ana haraka, nikasema aende tu," anasema mama huyu wa watoto watatu. "Fundi wa hapa hufungua simu mbele ya mwenyewe. Ukiitwa mwizi Isiolo, jina linafika Merti kabla ya lori."

Siku nzuri humpa kama shilingi mia nane. Jina likichafuka, hata hizo haziji.

"Apa, dada!" anachochea Kithinji, muuza viatu wa kibanda jirani. "Ama simu ndiyo iape?"

Sabdio haapi. Anang'oa skrini mbele ya Halkano, anairudisha kwenye simu ya Salad, anaiunganisha na umeme wa mezani, maana bila huo haiwaki tangu izame. Inawaka. Maandishi hayapo. Anaihamishia tena kwa Halkano. Maandishi yamerudi.

Halkano anaketi kwenye kiti cha plastiki.

"Ni kampuni moja?"

"Moja, mzee."

"Na duka tulilonunulia ni moja. Sasa inamkataaje ndugu yake?"

Sabdio anamweleza kwamba iko programu ya kuzitambulisha skrini na simu, ila kampuni imeziachia karakana zake yenyewe tu. Ameandika kuuliza. Akajibiwa kwamba ni usalama wa mteja, wezi wasiuze vipuri vya simu za wizi.

"Hapo naelewa kidogo, wizi upo," anasema. "Lakini hizi zote ni za nyumba moja. Usalama wa nani? Kusema kweli, mimi nimechanganyikiwa."

Nani hajachanganyikiwa? Redio za baba zetu zilikula betri ya duka lolote. Zikaja simu, kila moja na chaja yake, tukaambiwa ndiyo maendeleo. Huku, mfugaji akiuza ng'ombe hubaki na kamba, ng'ombe akaenda na mnunuzi. Kampuni nayo imebaki na kamba, lakini haijaifungua shingoni.

Halkano anachukua simu, na maandishi yake. "Watu wakiniuliza?"

"Walete. Nitawaonyesha kama nilivyokuonyesha."

Sabdio na mafundi wenzake wa wadi ya Burat wanapanga kupeleka kilio chao bunge la kaunti. Hajui kama kaunti ina nguvu hiyo, wala nani atawasikiliza. Akiulizwa anachotamani hasa, anapanguza kile kiti cha plastiki.

"Mtu wa kampuni aje akae hapa," anasema. "Asinieleze mimi. Amweleze huyu mzee, uso kwa uso, kwa nini simu yake iliniita mwizi."