Kompyuta ilisema beringi inaumwa, Mzee Wafula akasema ni mzima

Wakuu, salaam kutoka Jinja. Shule niliacha senior two na walimu wakashangilia, kwa hiyo Kiswahili kikipinda, nyoosheni wenyewe. Ila hii siongezi chumvi, nilikuwepo.

Mimi napaka grisi kwenye mtambo mmoja wa umeme hapa. Cheo kikubwa hicho, hata panya wa kule wananiamkia.

Bosi wangu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Mbale. Kazi yake kusikiliza mashine. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye beringi, mpini kwenye sikio, anafumba macho. Akisema "huyu anaumwa", tunafungua.

Halafu ikaletwa programu ya kompyuta. Kila beringi ikabandikwa sensa, kidude cha kuhisi mtikisiko. Programu inajifunza mtikisiko wa kawaida, ukibadilika tu inapiga kelele.

Siku moja mchana skrini ikawa nyekundu: beringi ya chini inakufa.

Injinia Nabirye, dada mpole, akamwita mzee. Mzee akasikiliza.

"Mzima kabisa! Hiyo televisheni yenu ndiyo ipelekwe hospitali."

Banange, jamani, tulicheka. Mimi hata kompyuta niliipa pole.

Injinia hakucheka. Akazima mashine, tukafungua. Beringi imechubuka vibaya, kidogo tu tungewaka moto.

Mzee akainama, anaigeuzageuza. Mashine imezimwa, kimya. Injinia akiwa nyuma yake akasema, "Mzee, pole."

Hakugeuka.

"Mzee!"

Hakugeuka.

Tukatazamana. Kule ndani kila mtu anaongea kwa kupiga kelele na kwa mikono, sasa nani angejua masikio yameisha?

Injinia akamgusa bega, akamwonyesha sikio. Mzee akakaa chini. "Siku hizi nasikia kwa vidole," akasema. "Nilidhani vitanitosha."

Beringi mpya ilikuja wiki hiyohiyo. Mzee akaambiwa aende nyumbani akapumzike.

Nilimsindikiza mpaka kwake Namakwekwe, kule Mbale. Mkewe akatoka mlangoni anamwita kwa furaha, na mzee ananitazama mimi tu, anatabasamu. Utani wote uliniishia hapo.

Programu siilaumu, ilisema kweli. Ila ile mashine ikitikisika kidogo tu watu wanakimbia. Mzee wetu aliharibika mbele ya macho yetu na hakuna aliyekimbia.

Mnaofanya kazi kwenye kelele, zibeni masikio, na mkapimwe. Mimi nilienda. Sikio la kushoto limeshaanza kuisha. Mke wangu anasema hilo halijawahi kufanya kazi.

Kwenu viwandani nani anawapima? Niambieni hapa. Andikeni tu, macho bado ninayo.