Nililala Katikati ya Sala ya Sato

Mkinicheka, nichekeni taratibu, bado nina usingizi.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, sasa nauza mboga soko la Mabatini na kumlea mdogo wangu, Neema. Wiki hii shangazi alikuja kutoka Bukoba kumchukua, akisema mzigo huu utanimaliza. Mimi nikamwambia sichoki.

Ili aamini, Jumanne nilirudi kutoka sokoni nikaoka samaki, sato mzima. Nilimpaka chumvi, limao na kitunguu saumu, nikamweka kwenye sufuria, nikatia mkaa chini na mwingine juu ya mfuniko. Akaiva vizuri, nyumba nzima ikanukia.

"Umechoka, mwanangu," shangazi akasema.

"Mimi? Wala, shangazi."

Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii, nikaongoza sala. Nikafumba macho. Nilimshukuru Mungu, nikawaombea baba na mama, halafu sikumbuki kitu, mpaka niliposikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwa nguvu, "Chukua fungu hili, bosi wangu, nakuongezea na pilipili!"

Nikafumbua macho. Walikuwa wameshakula, na upande wangu wa sato wameufunika kwa sahani. Shangazi alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa kanga.

"Dada," Neema akauliza, "Mungu amenunua?"

Shangazi akamgeukia. "Wewe, toa nguo zako kwenye begi. Nikikuchukua, huyu nani atamwamsha?"