Karani, "set" na Ng'ombe wa Mama Hadija

Jamani, leo karani wetu hapa Garsen ameumbuliwa na ng'ombe!

Asubuhi yote tulipanga foleni kwenye zizi la serikali, kudai mifugo yetu iliyokamatwa kivukoni. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, alikuwa hajafika, basi karani akaanza kutusomesha Kiingereza.

"Chukueni neno 'set' tu! Jua kuzama ni set. Mfupa kuungwa, set. Vikombe sita, set. Maana nyingine zimetokana na neno lao la kale la kukalisha, nyingine zimetoka kwa Kifaransa. Nyinyi mna lugha gani?"

(Mimi nilitikisa kichwa kama niliyeelewa.)

Ikafika zamu ya Mama Hadija, Muorma mwenye ng'ombe mmoja tu. Akataja rangi ya ng'ombe kwa neno moja la Kiorma lenye maana hii yote: mwekundu, tumbo jeupe, doa shingoni.

Karani akafungua daftari.

"Hapa wote nimeandika wekundu. Wako nitamjuaje? Nenda nyumbani."

Mama akageukia zizi. Akamwita ng'ombe kwa jina.

Ng'ombe akaja mbio! Meza chali, daftari kwenye mavi, karani juu yake.

Mama akainama: "Na hii, Bwana Karani, nayo ni set?"

Nilicheka mpaka karani akanirudisha mwisho wa foleni. Mbuzi wangu bado wamo ndani.

Nyie mngejizuia?