Mikato Miwili Ndani ya Beringi

Mimi kwa kumdhania mtu vibaya sijambo. Nasema mapema, usije ukanionea huruma huko mbele.

Karakana yangu ya useremala ilikuwa mtaa wa Kashaulili, nyuma ya soko, na mashine ya randa ndiyo iliyotulisha. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, ikaanza kunguruma. Mbao za mninga zikawa zinatoka na mawimbi, ukipitisha kiganja unayasikia moja moja. Nikamwita fundi mitambo, Mfipa mpole asiye na maneno mengi. Akashika shafti ya visu, akaitikisa, akasema beringi zote mbili zimekwisha.

Nikaagiza mpya Tabora. Zikaja na treni, kila moja kwenye kiboksi chake, nikazipokea stesheni mwenyewe.

Sasa, mjini kulikuwa na maneno kwamba mafundi wanakula beringi. Anachukua yako mpya, anakufungia kuukuu aliyoiosha kwa mafuta ya taa, na wewe unashukuru. Sikuwahi kuona fundi aliyeshikwa, lakini niliamini kabisa. Na huyu wangu akaniambia, "Kaka, hapa kwako hakuna jiliwa la kubania shafti. Nitaibeba na beringi zake, nikafanyie kazi kwa rafiki yangu karibu na stesheni." Nikamwambia sawa, njoo kesho asubuhi. Moyoni nikasema, hunipati.

Baba yangu alihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani, na kila ng'ombe wake alikatwa mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Ng'ombe akipotea hakuna ubishi, unashika sikio. Mimi sikurithi ng'ombe, nilirithi mikato. Nyundo, misumeno, hata kigoda changu, vyote nilivikata miwili, na kila aliyeuliza nilimsimulia habari ya ng'ombe wa baba. Basi jioni ile nikakaa chini kwenye maranda, nikazitoa beringi. Zilikuwa na vifuniko vyembamba vya bati. Nikabandua kimoja kwa kila beringi kwa ncha ya kisu, nikachora mikato miwili upande wa ndani, nikavirudisha kwa kidole gumba. Kimoja kilipinda kidogo. Nikaona si kitu.

Kesho yake fundi akabeba kila kitu asubuhi, akarudi alasiri, mikono safi kabisa. Hiyo mikono ndiyo iliyonitia wasiwasi. Fundi gani anatoka kufunga beringi hana hata alama ya grisi? Randa ikawashwa, ikaenda kwa utulivu. Halafu akaniomba zile chakavu ziwe magurudumu, amtengenezee mke wake toroli la kubebea maji. Nikampa huku najiuliza, toroli au mashine ya mwenzangu?

Wiki ya tatu randa ikaanza kunguruma tena. Nilifurahi, sitaki kuficha. Nilifurahi kwamba nilijua.

Asubuhi hiyo hiyo akapita mwenye kiwanda cha kupasua mbao. Alitaka kumwajiri yule fundi, kazi ya kudumu, mshahara wa kila mwezi, na alikuwa ameambiwa na fundi mwenyewe aje aniulize mimi. Nikamjibu, "Kazi anaijua. Ila vitu vyako vihesabu." Akatikisa kichwa, akaondoka.

Siku mbili baadaye nikamwita fundi. Nilikuwa nimeshawaita na maseremala wawili wa jirani na mama muuza wali, washuhudie. "Fungua hapa hapa," nikamwambia. "Tuone umenifungia nini."

Akafungua. Beringi ya kwanza ilizunguka vizuri. Ya pili ilikwaruza. Akabandua kifuniko kilichopinda, na ndani grisi ilikuwa imechanganyika na unga wa mbao, nzito kama uji uliolala. Unga wa sakafu yangu, ulioingia pale nilipofungua mimi. Akakifuta kile kifuniko kwa kitambaa, akakigeuza. Mikato miwili ilikuwepo.

Akaichukua nyundo yangu mezani, akaweka kifuniko kando ya mpini wake, mikato kwa mikato.

"Ng'ombe wako yupo, Msukuma," akasema. "Hakuibiwa."

Mama muuza wali akarudi kwenye sufuria zake. Mimi aibu ilinishika mpaka masikioni. Nikasema natoka kidogo, nikashika njia ya kiwandani, karibu kukimbia. Nilimkuta mwenye kiwanda ofisini, nikamwambia nilikosea, yule fundi ni mtu safi. Akasema nimechelewa, jana ameshaajiri mwingine kutoka Inyonga. "Si wewe uliyeniambia nihesabu vitu?"

Niliporudi jioni, mashahidi walikuwa wameondoka. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye randa, anakaza bolti ya mwisho. Pembeni, juu ya maranda, kulikuwa na toroli la maji limekosa gurudumu moja. Alikuwa amekwenda kwake kulichukua, akang'oa ile beringi kuukuu iliyokuwa na nafuu, akaipachika kwa rafiki yake mwenye jiliwa, ili nisikae bure mpaka treni ilete nyingine. Akawasha. Ikanguruma kidogo, lakini ikazunguka.

Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka ikawa safi.

"Kaka," akasema, "yule mwenye kiwanda alishapita kukuuliza habari zangu?"

Nikamwambia alipita.

"Ukamjibuje?"