Jina Chini ya Rangi

Jamani, leo nimekuta jina la baba yangu ndani ya gari la mzungu.

Ni hili gari kuukuu nililonunua kwa setla wa Kitale aliyerudi kwao. Asubuhi nilifungua boneti, nikafunika injini kwa gunia, nikaosha grisi kwa mafuta ya taa. Kisha nikaanza kupiga msasa ule ukuta wa nyuma ya injini, nipake rangi upya.

Rangi nyeusi ikatoka. Chini yake kulikuwa na kijani.

Kwenye kijani, mtu ameandika kwa msumari: Wekesa Simiyu.

Sasa, baba mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni akinywa chai. Alikuja jana kutoka Bungoma kututembelea. Siku zote ametuambia kwamba huku Kitale alikuwa karani. Nilipotaka kujifunza umekanika alinikataza, ati grisi ni ya watu wasiosoma.

"Baba, hili jina ni lako?"

Akaja, akaliangalia kwa muda mrefu.

"Akina Wekesa ni wengi," akasema.

Si nikachukua brashi ya rangi.

Akapitisha kidole pembeni. "Hapa bado kuna mafuta. Ukipaka hivi, rangi itabambuka."

Akapangusa vizuri, akakunja mikono ya shati lake la kanisa, akachukua brashi mkononi mwangu. Hakudondosha hata tone.

Alianzia kwa lile jina.

Mimi nimesimama tu na msasa. Sijui nimshukuru ama nimuulize tena.

Nyinyi mngefanya nini?